Siku Hizi Linaitwa Nani?

"Mtu hastaafu akiwa na meno yote," Mzee Mkwanda aliniambia mbele za watu siku tulipoagwa, ameshika blanketi lake la zawadi na mimi nimeshika langu. Yeye alistaafu kwa umri. Mimi nilistaafishwa na mradi uliokwisha, kabla sijapata hata mvi moja ya kujivunia. Lakini katika ofisi yetu ya Nachingwea, aliyepewa blanketi na soda ni mstaafu, na mstaafu hudaiwa maneno. Ninyi mnaobaki na zile mashine mmenidai yangu, nami nayaleta. Vyeo sitavitaja kwa kuwa sikupata. Mshahara nao mnaujua, maana ndio mnaoupokea sasa, na ninawapa pole.

Nilifika mwishoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuo kikuu na shahada ambayo hata wazazi wangu kule Bukoba hawakuweza kuieleza kwa majirani. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Chuoni niliwachosha wahadhiri, nyumbani niliwachosha wajomba, kanisani niliombwa nipumzike kidogo. Nilikuja kusini nikiamini kwamba kompyuta ni kitu kisicho na siri, na kwamba tatizo lolote ni swali ambalo halijaulizwa vizuri. Hilo la pili bado naliamini, ila sikujua gharama yake.

Mshtuko wa kwanza niliupata mlangoni. Ofisi ilikuwa katika moja ya zile nyumba za zamani za wakati wa mashamba ya karanga ya Waingereza, yenye kuta nene na madirisha mapana, na nje ya chumba cha ndani zilipangwa jozi za viatu kama msikitini. Nikavua vyangu. Ndani kulikuwa na meza, na juu ya meza kitu kikubwa kimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Nilidhani ni redio ya marehemu fulani.

"Usiiguse kwanza," ilisema sauti nyuma yangu. "Nawa mikono."

Huyo ndiye Mzee Mkwanda. Alikuwa fundi wa mashine za taipu tangu ujana wake, na kompyuta ilipoletwa alikabidhiwa kwa sababu nayo ina herufi.

"Huwa mnaitumia?" nikamuuliza.

"Tunaitunza," akajibu.

Sikucheka, maana uso wake haukuruhusu. Baadaye nilielewa kwamba vumbi la Nachingwea halina masihara. Ni jekundu, laini kama poda, na linaingia hata ndani ya yai. Mashine iliyotunzwa namna ile iliishi kuliko za Dar es Salaam zilizokaa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Mzee Mkwanda alinifundisha zana zake: bisibisi mbili, spiriti, brashi ya kunyolea ndevu, na pampu ya baiskeli ya kupulizia vumbi. Tulipofungua kibodi kwa mara ya kwanza tulikuta maganda ya korosho, punje za wali, na kijiji kizima cha sisimizi chini ya herufi M. Akawatazama kwa muda mrefu. "Hawa," akasema, "wamesoma kuliko mimi na wewe." Akawapulizia pampu.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya mkubwa wetu, tuliyemwita Bwana Mradi. Alikuwa mtu mnene, mwangalifu, asiyemwamini mpiga chapa yeyote, kwa hiyo barua zake aliziandika mwenyewe kwa vidole viwili. Akaniita siku moja, akafunga mlango.

"Binti, kuna mtu hataki nisaini."

"Saini nini, Bwana?"

"Chochote. Naandika barua vizuri, mwanzo hadi mwisho. Nikifika kwenye cheo changu tu, barua inaondoka. Yote. Inabaki neno moja ambalo si Kiswahili wala Kimwera."

"Neno gani?"

Akanionyesha. Skrini ilikuwa nyeupe kabisa, isipokuwa juu, kwenye kona, ilikoandikwa: *fisa*.

Ofisi nzima ilikuwa na habari. Wapo waliosema ni mtu aliyekaa kiti kile kabla yake. Mlinzi alisema kuna paka anayepita dirishani kila adhuhuri, na kwamba paka huyo si wa kawaida. Nikaomba kiti, nikakaa kando ya Bwana Mradi, nikamwambia aandike barua nyingine huku mimi natazama mikono yake tu, si skrini. Akaandika. Alipofika mwisho, alitaka kuandika "Afisa Mradi". Kidole chake cha kushoto kikashuka kutafuta Shifti, ili apate A kubwa, kikatua kwenye Kontroli iliyo chini yake. Kontroli na A ni kuiambia mashine: chagua kila kitu. Barua yote ikawa nyeusi. Herufi iliyofuata ilikuwa f, na mashine, kwa utii wake wa kijinga, ikaondoa kila kilichochaguliwa ikaweka f. Kisha i, s, a.

Nikabonyeza Kontroli na Z, mara moja, mara ya pili, nikaendelea. Barua ikarudi.

Bwana Mradi alisimama kwa kasi hadi kiti kikaanguka. "Umeitoa wapi?"

"Haikwenda popote, Bwana."

"Nimeiona ikiondoka kwa macho yangu haya!"

"Macho yameona kweli. Ila haikuwa imekwenda mbali."

Alinitazama kwa hofu ambayo sijaisahau. Nilitegemea shukrani. Kwa wiki nzima hakunipa mkono. Lakini kuanzia hapo nilijua kanuni niliyowafundisha ninyi nyote: mtu akikwambia faili limepotea, usitazame mashine kwanza, tazama vidole vyake.

Mzee Mkwanda alitoa wazo kwamba njia hizo za mkato zipewe majina, maana hakuna mpiga chapa ambaye angekumbuka Kiingereza. Tukakaa na chai tukazibatiza. C ikawa Chukua. V ikawa Vuta. S ikawa Sitiri, na tukasema asiyesitiri kazi yake kila baada ya aya ataadhirika. A ikawa Alika Wote, na mkialika wote, tahadhari na atakayeingia. Z ikawa Zinduka. Efu Mbili, kitufe cha kubadili jina la faili, hatukukipa jina. Tulisema hakina hatari.

Ofisi ya Ruangwa ilifunguliwa baadaye, na kwa kuwa wakati ule umeme kule ulikuwa wa jenereta, nilikwenda kila baada ya muda na gari la mradi kukagua. Mpiga chapa wa Ruangwa alikuwa Somoe, mwenyeji wa Nambilanje, umri wetu sawa, mpole hadi unajiuliza kama yupo. Alijifunza taipu kwa masista, na alipiga herufi bila kutazama vidole. Kila nilipofika alikuwa na swali moja tu, ameliandaa vizuri, na akishajibiwa hakurudia. Mimi nilikuwa nikiuliza maswali kumi kabla ya chai. Hatukufanana hata kidogo na tulipendana.

Kazi kubwa aliyopewa Somoe ilikuwa kitabu. Kilikuwa cha Mama Nangumbi, mkunga mstaafu wa hospitali ya misheni, ambaye kwa miaka mingi alizunguka Naipingo, Nambilanje na vijiji vya katikati akiwafundisha wakunga wa jadi. Aliandika alichowafundisha: dalili za hatari, jinsi ya kumshika mtoto anayetoka vibaya, wakati gani mjamzito abebwe kwenda hospitali bila kusubiri ruhusa ya mume. Aliandika kwa mkono nyuma ya makaratasi ya kliniki, na alipofika mwisho macho yake yalikuwa yameshaingiwa na mtoto wa jicho. Hakuweza tena kusoma alichokiandika yeye mwenyewe. Somoe alikipiga chapa sura kwa sura. Mama Nangumbi alikuja kila Jumanne akakaa kwenye benchi akisomewa, akasahihisha kwa mdomo. "Hapo weka nukta, mwanangu. Wakunga wangu wanasoma kwa kupumzika."

Ilipatikana nafasi kwenye kiwanda cha uchapaji cha wamisionari. Gari la parokia lingeondoka asubuhi, na kitabu kilitakiwa kiende nalo. Nafasi ile ikipita, hakuna aliyejua kama ingepatikana nyingine, wala macho ya Mama Nangumbi yasingengoja. Nikatumwa Ruangwa siku moja kabla, kwenda kuchapa nakala ya mwisho na kuweka disketi.

Niliwasha mashine. Nikafungua programu ya kuandikia, nikabonyeza faili la "Mkunga" kwenye orodha ya kazi za karibuni. Mashine ikasema haioni faili hilo.

Nikabonyeza tena, kama watu wote wafanyavyo, kana kwamba mashine ilikuwa inatania.

"Somoe, faili la Mkunga liko wapi?"

Alikuwa amesimama mlangoni. Macho yetu yalikutana, na nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Alikuwa ameshalia kabla sijafika.

"Hilo halipo tena, dada."

"Halipo vipi? Umelifuta?"

Akafuta macho kwa kiganja. Kisha akasema polepole, "Nimelifuta jina."

Sikusikia neno la mwisho. Nilisikia "nimelifuta" tu. Nikaenda kwenye pipa la taka la mashine, lilikuwa tupu. Nikajua maana yake, au nilidhani najua: ukishika Shifti ukabonyeza Diliti, faili halipiti pipani, linakwenda moja kwa moja. Nikatafuta kwa jina, hakuna. Nikaingia kila folda kwa kupitia programu ya kuandikia. Kulikuwa na folda ya barua, folda ya semina, na moja iliyoitwa "Wakubwa". Nikaifungua hiyo nayo, nikaona majina ya watu: Bakari, Saidi, Mzee Nassoro. Nikajua ni mafaili ya siri ya mabosi, ya watumishi na nidhamu zao, nikaifunga haraka. Hata mimi nina adabu.

Nikauliza makaratasi ya awali. Yalikuwa stoo. Nikaenda stoo. Mchwa walikuwa wameshayasoma yote, sura ya kwanza hadi ya mwisho, wakaacha kamba iliyoyafunga. Nilisimama pale nimeshika ile kamba. Nikauliza disketi ya akiba. Ilikuwa na sura mbili za mwanzo, nyingine hazikuwa zimeingia.

Bwana Mradi aliita kwa redio ya upepo. Nikamweleza. Kukawa na mkwaruzo mrefu hewani.

"Huyo binti," sauti ikasema, "akishindwa kulileta hadi gari la parokia liondoke, afunge virago. Na yeye ndiye atakayemwambia yule mama. Si mimi."

Somoe alisikia kila neno, maana redio ile ilisikika hadi sokoni. Akatoka akaenda kukaa nyuma, karibu na jiko la ofisi. Nikabaki nimekaa mbele ya mashine, jenereta likinguruma, nikijiuliza maswali yangu yote na yote yakinirudia bila jibu. Alibonyeza nini? Lini? Kwa nini kazi yake mwenyewe, ya miezi yote ile? Mtu anayesitiri kila baada ya aya anafutaje kitabu kizima kwa bahati mbaya? Na kama si bahati mbaya, basi ni nini? Nilishindwa kumchukia, na nilishindwa kumwelewa, na hilo la pili lilinitesa zaidi.

Mchana gari la mradi likaja na Mama Nangumbi, amejifunga kitenge kipya kwa ajili ya safari ya kitabu chake. Dereva wetu alikuwa Rashidi, mwanaume wa miraba minne mwenye ndevu na sauti ya mhubiri. Mama Nangumbi akanyoosha mkono gizani mwake.

"Pakacha, nishike nishuke."

Watu wawili waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Rashidi akasimama kama aliyepigwa kofi.

"Mama, huyo hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Alibaki jandoni, mama. Miaka mingi sasa."

"Ala! Basi aliyerudi siku hizi anaitwa nani?"

"Rashidi, mama, na unajua sana!"

"Najua. Mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa, ukiwa mwembamba kama pakacha kuukuu. Nishike mkono basi, Rashidi, usiniangushe kwa hasira."

Barazani walicheka hadi mmoja akakohoa. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa Bukoba, kwetu jina la utoto ni la kudeka, linakufuata hadi kaburini. Nikamvuta Rashidi kando.

"Kwa nini umesema hayupo, na wewe umesimama hapa?"

Akanitazama kwa huruma wanayopewa wageni. "Dada Kompyuta, mtu akishatoka jandoni jina la utoto linaachwa hukohuko. Ukimwita kwa jina lile ni tusi. Zamani ulitozwa kuku. Ukitaka kumpata mtu wa huku, usiulize yuko wapi. Uliza siku hizi anaitwa nani."

Hilo halipo tena, dada. Nimelifuta jina.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka nilikuwa nyuma ya ofisi, nimechuchumaa mbele ya Somoe, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Somoe. Siku hizi linaitwa nani?"

Alinyanyua uso. Alinitazama kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa hivyo tangu asubuhi, na wakati huohuo akiliogopa swali lenyewe.

"Athumani," akasema.

Nikakaa chini kabisa, vumbini.

"Likishasahihishwa na mwenyewe akasema basi," akaendelea, "limekua. Haliwezi kuitwa jina la rasimu. Yote huwa nayafanyia hivyo, nayapa jina la ukubwani nayahamishia kwa wenzake."

"Kwenye 'Wakubwa'."

"Ndiyo. Wakubwa. Watu wazima." Akashangaa kwamba nashangaa. "Ile semina ya visima ni Bakari. Ya korosho ni Mzee Nassoro. Yote yamefunguka siku zote. Lakini hili, dada..." Sauti ikakatika. "Hili lilifia hukohuko."

"Lilifia wapi?"

"Jandoni. Nililibadili jina, nikaenda kulifungua, halikuonekana. Nikatafuta, halipo kati ya wenzake. Nikajua nimeliua."

"Sasa kwa nini hukusema? Asubuhi yote!"

Akageuka kutazama upande wa baraza, ilikokuwa ikisikika sauti ya Mama Nangumbi akiomba maji. "Mama yake ndiye huyo. Kwetu mtoto akifia jandoni, mama haambiwi mpaka wengine wote watoke. Wanaojua wanafunga mdomo. Ningekwambia wewe, ungeniuliza mbele yake. Wewe unauliza popote."

Hilo lilikuwa kweli, nikaliacha lipite.

Tukarudi ndani. Safari hii sikupitia programu ya kuandikia. Nilifungua folda ya "Wakubwa" yenyewe, kutoka mezani kwa mashine, inakoonyesha kila kilichomo bila kuchagua. Nikaona mafaili yote, kila moja na alama yake ya buluu. Na katikati yao kulikuwa na karatasi moja nyeupe isiyo na alama yoyote, kama mtu asiye na uso: Athumani.

Nikatazama vizuri. Wengine wote walikuwa na mkia: nukta, kisha herufi tatu, zinazoiambia mashine kwamba hili ni andiko na lifunguliwe na programu ya kuandikia. Siku zote mikia hiyo ilikuwa imefichwa. Lakini Mzee Mkwanda alipokuja kuondoa virusi vya disketi aliifunua ili aone vinavyojificha, akaondoka ikiwa wazi. Somoe alipobonyeza Efu Mbili safari ile akaukuta mkia ambao hajawahi kuuona.

"Ukaufanya nini?"

"Nikaukata," akasema. "Mkia wa nini tena, na ameshatoka jandoni?"

Nilifunika uso kwa mikono. Somoe alikuwa amelitahiri faili.

"Na mashine haikukuonya?"

"Iliniuliza kama nina hakika." Akanyoosha mgongo kidogo. "Nilikuwa na hakika."

Nikabonyeza Efu Mbili. Nikaandika nukta na herufi zake tatu. Mashine ikaniuliza na mimi kama nina hakika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kuuliza, nilijibu ndiyo bila kufikiri. Ile karatasi nyeupe ikapata alama. Nikaifungua. Kikaja kitabu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kila nukta mahali pake.

Somoe hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akainama, akakaa hivyo.

Tulipoanza kuchapa, ile printa ya sindano ilipiga kelele hadi Mama Nangumbi akaingia mwenyewe, akipapasa ukuta. Hakuwa ameambiwa chochote, lakini mtu aliyefanya kazi wodini hahitaji kuambiwa kwamba palikuwa na msiba.

"Ndicho chenyewe?"

"Ndicho, mama," nikasema.

"Soma. Popote."

Somoe akaokota ukurasa uliokuwa umetoka, akasoma: "Mkunga hamkemei mama anayelia. Anamuuliza kinachomuuma."

"Ndicho," Mama Nangumbi akasema. Kisha akageuza uso kuelekea sauti ya Somoe. "Na wewe umelia tangu asubuhi. Pua yako inasema. Nani amekuuliza?"

Printa ikaendelea kupiga.

Ndipo Somoe akamweleza yote, pamoja na jina. Nilitegemea kicheko. Mama Nangumbi aliuliza jambo moja tu: kwa nini Athumani?

"Ulinitoa mimi, mama, kule Nambilanje," Somoe akasema. "Pacha wangu hakuwahi. Ulifika ametangulia. Mama yangu alikuwa amemwandalia jina la babu, Athumani. Jina likabaki halina mwenyewe."

Mama Nangumbi alikaa kwenye benchi lake. Alikumbuka, ilionekana alivyokumbuka. Alisema mvua, akasema mto uliojaa, akasema baiskeli. Halafu akapapasa mpaka akaupata mkono wa Somoe, akaushika hadi ukurasa wa mwisho ulipotoka.

Bwana Mradi aliita tena jioni.

"Limepatikana?"

"Limepatikana, Bwana. Lilikuwa limebadili jina."

Mkwaruzo. "Kwa ruhusa ya nani?"

Nikazima redio nikasingizia jenereta.

Kitabu kilikwenda, kikachapwa, kikarudi. Jalada lilikuwa na jina refu la kitaalamu ambalo Mama Nangumbi alilichagua. Lakini wakunga wa Naipingo na Nambilanje hawakuwahi kulitamka. Hadi naondoka walikuwa wakiuliza, "Athumani ameletwa?" na ninyi mlioajiriwa baadaye mlidhani ni msambazaji. Sasa mnajua.

Baada ya hapo nilikutana na kesi nyingi. Mhasibu aliyeweka kikombe juu ya kibodi na mashine ikajaza kurasa kwa herufi j. Mwalimu aliyeamini kila akizima skrini amezima kompyuta. Mlinzi, yuleyule wa paka, aliyefuta vumbi mashine ikiwa imewashwa na kitambaa chake kikatuma kuchapwa barua ya kufukuzwa kazi ambayo Bwana Mradi hakuwa ameamua kuituma. Kila mara nilishtuka. Watu husema mshtuko hupungua kwa uzoefu. Sijaona. Nilichobadili ni swali la kwanza tu. Mikia niliificha tena Ruangwa, folda ya Wakubwa sikuigusa, na Efu Mbili Mzee Mkwanda aliipa jina bila kumuuliza mtu: Jando.

Siku ya kuagwa Somoe alikuja kutoka Ruangwa, sasa ni mkuu wa ofisi yake, bado mpole. Alingoja soda ziishe, akaja na swali lake moja.

"Dada Kompyuta, hilo jina si tunaliacha hapa? Umeshatoka. Siku hizi unaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Mzee Mkwanda alisimama na blanketi lake, anangoja kwa furaha kabisa kuona nimekosa neno. Na kweli nililikosa. Niliuliza watu maswali maisha yangu yote, na hilo halikuwahi kunijia kichwani.

Haya nimeyaandika kwenye mashine ya Ruangwa, na nimemwachia Somoe ayasome, ayasahihishe. Akisema basi, atajua pa kuyaweka. Siku mkiyatafuta msiyaone, msiseme yamefutwa. Muulizeni.